Magamba Ndani ya Birika: Maji Magumu ya Unguja



Mada yangu leo imo jikoni mwenu. Funueni birika la umeme mnalochemshia maji ya chai, mtazame ndani. Kama limetumika miezi kadhaa kwa maji ya mfereji au ya kisima, huenda mkaona ganda jeupe limeshika chini na ubavuni, pengine limeingia manjano ya kutu, na hata mkilisugua kwa sifongo halitoki. Sehemu yake imemeguka vipande vyembamba, na vipande hivyo huingia kwenye gilasi kila mnapomimina.

Watu wana maelezo mengi juu ya ganda hilo. Wapo wanaosema ni dawa iliyotiwa kwenye maji. Wapo wanaosema ni chumvi ya bahari. Wapo wanaolilaumu birika lenyewe, kwamba ni la bei rahisi. Na wapo walioacha kabisa kuchemsha maji ya kunywa, kwa sababu wanaona maji yanatoka mferejini safi, na yakishachemshwa ndipo yanapotoa uchafu. Hao wa mwisho ndio walionisukuma nizungumze leo, maana kosa lao linaweza kuingiza maradhi nyumbani.

Ganda hilo, ndugu zangu, ni jiwe. Ni chokaa. Na limetoka chini ya miguu yetu.

Unguja ni kisiwa kilichojengwa na bahari. Upande wa mashariki na kusini, ukitoka Jozani kuelekea Paje, Jambiani, Makunduchi, unakanyaga matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya maji. Udongo ni haba, mawe yamejitokeza kila mahali, na ndiyo maana wakulima wetu huiita nchi hiyo uwanda na maweni. Upande wa magharibi, ambako mji upo, kuna mchanga, kuna udongo mwekundu wa kinongo, kuna minazi na mikarafuu, lakini ukichimba unakuta mawe ya chokaa huku pia. Hatuna ziwa, hatuna mto mkubwa. Baadhi ya vijito vyetu, vikifika kwenye mawe, huzama ardhini kabla havijaiona bahari. Maji tunayokunywa ni ya chemchem na visima, yaani ni mvua iliyopita ndani ya jiwe.

Tone la mvua ya masika halina chokaa hata kidogo. Likishuka hewani hubeba hewa ya ukaa kidogo, likiingia kwenye udongo hubeba zaidi, kwa kuwa mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua hewa hiyo hiyo. Hapo maji yanakuwa na ukali mdogo sana, ambao ulimi hauuhisi lakini jiwe linauhisi. Maji hayo yakipenya kwenye mwamba wa chokaa huula polepole na kubeba kalsiamu, na kwengine magnesiamu pia. Anayetaka kuona kazi ya maji hayo kwa macho yake aende Mangapwani, ateremke kwenye lile pango lenye maji matamu chini yake. Mapango ya chokaa huzaliwa hivyo, maji yakila jiwe. Jiwe lililoliwa limekwenda wapi? Limebebwa na maji, na sehemu yake hutoka mferejini kwetu bila kuonekana, kama sukari iliyokwisha kuyeyuka.

Sasa washa birika. Joto linaifukuza ile hewa ya ukaa, na hewa ikishatoka, kalsiamu haina tena cha kuishikilia ndani ya maji. Inarudi kuwa jiwe, na inapenda kushika pale penye moto mkali zaidi. Kwa hiyo uchafu haukuletwa na kuchemsha. Kuchemsha kumetoa nje kitu kilichokuwemo tangu mwanzo, na maji yanayobaki ni laini kuliko yale uliyoyatia.

Mji Mkongwe wenyewe ni kitu hicho hicho. Kuta zake ni mawe ya matumbawe, yamegandishwa kwa chokaa na udongo, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Chokaa ile ilipatikana kwa kupanga mawe juu ya magogo na kuyachoma, moto ukafukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe, kisha ikamwagiwa maji, ikapakwa ukutani, na kwa miaka ikavuta tena hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Waashi wa mji huu walikuwa mabingwa wa kalsiamu kabla ya skuli yoyote kufundisha kemia hapa. Hata maji ya bomba ya mji yana historia ndefu: Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga mfereji wa kuleta maji mjini kutoka chemchem za upande wa kaskazini, na katika utawala wake ndipo ilipojengwa hamamu ambayo mpaka leo imeupa jina mtaa wa Hamamni. Maji yale nayo yalikuwa ya kisiwa hiki. Lakini nyumba za wakati ule hazikuwa na hita ya umeme, wala pasi ya mvuke, wala mashine ya kufulia. Ugumu wa maji ulikuwepo, vitu vya kuharibiwa nao vilikuwa vichache.

Leo vitu hivyo ni vingi, na vinauzwa Darajani na Mlandege kila siku, vipya na vilivyotumika, vya kutoka Dubai, China na Ulaya. Familia inajinyima kununua hita ya bafuni, na hita inaungua kabla ya wakati wake. Fundi anaitwa, anabadilisha koili, analipwa, anaondoka. Baada ya muda anaitwa tena. Sijasikia mafundi wengi wakimwambia mwenye nyumba kwa nini koili imeungua, na hili nalilaumu, kwa sababu wao ndio wanaoifungua hita na kuyaona magamba kwa macho yao.

Tuliangalie kwa hesabu. Wataalamu hupima ugumu wa maji kwa miligramu za chokaa kwa lita. Chini ya 60 maji ni laini. Yakipita 120 yanaitwa magumu, na yakipita 180 yanaitwa magumu sana. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba maji yakipita kiasi cha miligramu 200 kwa lita yanaweza kuacha magamba kwenye mabomba na vyombo vya kuchemshia. Tuchukue mfano tu: maji yenye miligramu 300, na familia inayochemsha lita 5 kwa siku. Kama chokaa yote hiyo itaachwa na maji, ni gramu moja na nusu kwa siku. Kwa mwaka inapita nusu kilo. Nusu kilo ya jiwe, ndani ya birika moja! Sehemu kubwa humwagwa pamoja na maji au humezwa na chai bila madhara, lakini inayobaki inatosha kuliua birika.

Inaliua vipi? Hapa niombe utulivu, kwa sababu jambo hili huelezwa vibaya. Watu huambiwa kwamba magamba yanakula umeme. Kwenye birika la umeme si hivyo hasa, kwani moto wa koili hauna pa kwenda isipokuwa kwenye maji, hata kama utachelewa. Hasara kubwa haiko kwenye bei ya umeme. Hasara ni ya koili. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko ganda la chokaa. Koili iliyovaa ganda inashindwa kulitoa joto lake, inazidi kupata moto ndani kwa ndani, mpaka inakatika. Kwenye dele la kahawa au sufuria juu ya mkaa au gesi mambo ni mengine: huko moto unaoshindwa kupenya ganda hupita pembeni na kupotea hewani, na hapo ndipo mkaa na gesi huliwa bure.

Kwenye hita ya bafuni kuna hatari kubwa kuliko hasara. Koili ya hita imo ndani ya ala ya chuma iliyozamishwa majini, na umeme hautakiwi kugusa maji yale kamwe. Ala hiyo ikipata moto kupita kiasi kwa sababu ya magamba inaweza kupasuka, na hapo umeme unapata njia ya kuingia kwenye maji ya mtu anayeoga. Kama nyumba ina waya wa ardhi uliofungwa vizuri, na kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja, umeme utakatika na mtu atasalimika. Kama nyumba haina, mtu huyo amesimama miguu mitupu juu ya sakafu iliyorowa. Nyumba nyingi kongwe za mji ziliingiziwa umeme kwa vipande vipande, chumba baada ya chumba, na hita hufungwa juu ya waya ambazo hazikukusudiwa mzigo ule. Wenye nyumba na wenye vyumba vya kukodisha wageni, nawaombeni sana, kabla hamjafikiria magamba fikirieni waya wa ardhi. Mwiteni fundi wa umeme aliyesomea kazi yake, apime. Na mtu akioga akahisi msisimko mdogo vidoleni anapogusa koki, asiseme ni jambo dogo. Azime swichi kuu ya hita, asiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

Vifaa vyengine vinaumia kwa njia za polepole. Bomba la kuogea linaziba tundu moja moja, maji yanarusha upande. Vali ya mashine ya kufulia na koki za chooni zinashikana na kuvuja. Pasi ya mvuke ndiyo inayowaudhi watu zaidi, kwani hushindwa siku mbaya kuliko zote: asubuhi ya Ijumaa, kanzu nyeupe iko mezani, pasi inatema tone lenye unga na kutu, linaacha doa kifuani. Mashine za kufulia, kwa bahati, wengi wetu huzitumia kwa maji baridi, na maji baridi hayaachi magamba mengi. Kwenye kufua hasara iko kwenye sabuni. Sabuni ya mche ikikutana na kalsiamu inagandana nayo kabla haijatoa povu, inageuka utando wa kijivu ambao hunasa kwenye nguo. Ndiyo maana kanzu na shuka hupoteza weupe hata zikifuliwa kwa mkono wa bidii, na mtu akaongeza sabuni, akaongeza buluu, na kijivu kikabaki pale pale. Sabuni za unga zimetengenezwa na viungo vya kuikamata kalsiamu, ndiyo maana zinatoa povu pale ambapo mche unashindwa. Kinamama walizijua dalili hizi zamani. Waliokinga maji ya mvua kwa ajili ya kuosha nywele na kufulia nguo nyeupe walikuwa wanafanya jambo sahihi kabisa.

Na jikoni. Mbaazi zinazogoma kuiva zinaweza kugoma kwa sababu ya maji, kwa kuwa kalsiamu hukaza ngozi ya mbegu, na chembe ya magadi inayotiwa sufuriani huilegeza. Ule utando unaong'aa juu ya chai ya rangi nao ni chokaa iliyoshikana na viambato vya majani ya chai. Kamulia ndimu, utautazama ukiondoka.

Sasa nirudi kwa wale walioacha kuchemsha. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kalsiamu na magnesiamu ya maji humdhuru mtu mzima wa afya. Miili yetu inazihitaji zote mbili. Watu huuliza kuhusu mawe ya figo, kwa sababu ganda la birika nalo ni jiwe. Mawe mengi ya figo ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, si chokaa ya birika iliyohamia mwilini, na katika nchi ya joto kama hii sababu kubwa ni kunywa maji machache na kutoka jasho jingi. Aliyekwisha kuugua mawe ya figo amsikilize daktari wake. Wengine wote wanywe maji ya kutosha, na wayachemshe.

Kipindupindu hakisahauliki Unguja. Mripuko wa 1869 hadi 1870 uliua maelfu ya watu hapa mjini, na tabibu aliyeushuhudia, James Christie, aliuandika katika kitabu chake cha 1876 kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki. Maradhi hayo yamerudi mara nyingi katika visiwa vyetu tangu wakati huo. Mzazi anayeacha kuchemsha maji kwa kuogopa chembe nyeupe anaikimbia chokaa isiyomdhuru na kumwachia mtoto wake vijidudu visivyoonekana. Chemsha maji, yaache yatulie yapoe, mimina ya juu polepole kwenye mtungi au chupa, ya chini yenye chembe yamwage. Umemaliza.

Kuna jambo jengine ambalo sharti tulitenganishe na hili, nalo ni chumvi. Nungwi, Kiwengwa, Paje, Bwejuu, na vijiji vyote vilivyo karibu na pwani, maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba ule ule wenye matundu. Maji matamu ni mepesi kidogo, kwa hiyo yanaelea. Kanuni yake inajulikana: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 chini ya usawa huo. Maana yake ukivuta kwa pampu ukaishusha ile mita moja ya juu, bahari huwa na nafasi ya kupanda mara 40 ya kipimo hicho kutoka chini. Hoteli zikivuta usiku na mchana, kisima cha kijiji kinaanza kuonja bahari. Chumvi hiyo haigandi ndani ya birika kama jiwe. Inakula chuma. Pampu inatoboka, hita inatoboka, koki zinaoza. Siki haiwezi kuiondoa hata kidogo, na kuchemsha kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Dawa ya chumvi ni kupunguza kuvuta, kuchimba mbali na bahari, na kukinga mvua. Kisima kikishaingiwa na bahari hakiponi haraka.

Namna ya kujua una tatizo gani ni rahisi. Chukua kipande cha ganda, kitie kwenye kijiko cha siki. Kikichemka kwa vipovu vidogo, ni chokaa, na vipovu ni ile hewa ya ukaa inayotoka tena. Kama hakuna ganda la kuchemka hivyo, na maji yako yana ladha ya chumvi, tatizo lako ni la pwani.

Kwa chokaa, dawa imo jikoni. Lakini watu hutumia kidogo mno, wakasema haifanyi kazi. Siki ya kawaida ya dukani ina asidi kiasi cha asilimia 5, na glasi moja ya mililita 250 haiwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 10 hivi za chokaa. Maji ya ndimu yana nguvu karibu hiyo hiyo, na ndimu moja hutoa maji kidogo, kwa hiyo ndimu mbili tatu ndani ya birika lenye ganda nene ni kulisalimia tu. Asidi ya limau ya unga, inayouzwa kwa waokaji na maduka ya vyakula, ni bora zaidi: kijiko kikubwa kimoja kinafanya kazi ya glasi nzima ya siki, na haina harufu. Tia ndani ya birika lenye maji ya uvuguvugu yanayofunika ganda, acha saa moja au usiku kucha, mwaga, suuza mara mbili, chemsha maji mara moja na uyamwage. Ganda likibaki, rudia. Anayefanya hivi kila baada ya wiki chache, ganda likiwa bado jembamba, hatahitaji kuligongagonga kwa kisu, na nawasihi msiligonge kwa kisu. Bomba la kuogea lifungueni mlilaze kwenye siki, au lifungieni mfuko wa nailoni wenye siki usiku mmoja.

Siki isichanganywe kamwe na Jik au dawa yoyote ya klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu ni ndogo, dirisha ni tundu. Siki isimwagwe juu ya marumaru wala sakafu ya teraso, maana hizo nazo ni chokaa na nyuso zake zitaliwa. Na asidi ya betri, ambayo baadhi ya watu huichukua gereji kusafishia vyombo, isikaribie kitu chochote cha kunywea. Inatoboa vyombo na inaunguza macho.

Hita ya bafuni isiwekwe kwenye moto wa juu kabisa. Magamba huongezeka upesi joto likipita nyuzi 60, na hakuna anayeoga kwa maji ya nyuzi 80. Iwekwe 60, kwa sababu chini sana ya hapo vijidudu huweza kukaa ndani ya tangi, na maji ya 60 yachanganye na ya baridi kabla hujamwosha mtoto. Mara moja kwa mwaka, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, fundi aifungue, atoe tope la chokaa chini, aitazame koili, na aitazame ile fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Fimbo ikiisha, tangi ndilo linalofuata. Ukimlipa fundi kwa kazi hiyo umelipa kidogo kuliko bei ya koili.

Pasi itiliwe maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, yakachujwa kwa kitambaa safi. Kisiwa hiki hupata mvua kubwa ya masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli inafuata mwisho wa mwaka. Inasikitisha kuona maji laini kuliko yote yakitiririka kwenye vichochoro vya mji hadi baharini, na nyumba ile ile ikinunua maji ya gari kesho yake. Nyumba za zamani zilikuwa na birika la kuhifadhia maji. Leo tangi moja la plastiki chini ya mchirizi linatosha kwa pasi, kwa birika la chai baada ya kuchemshwa, na kwa kufua kanzu.

Wafanyabiashara watawauzieni mashine. Ile ya kulainisha maji kwa chumvi inafanya kazi kweli. Inachukua kalsiamu na kutoa sodiamu mahali pake, na inafaa hoteli na nyumba kubwa, ila mfereji wa maji ya kunywa ni vizuri ukaachwa nje yake, hasa kama nyumbani yupo mgonjwa wa shinikizo la damu. Ile ya kusukuma maji kwenye utando huondoa chokaa na chumvi, lakini humwaga maji mengi ili kupata machache, na hapa ambapo mgao wa maji bado unatusumbua, hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua. Vile vya sumaku vinavyofungwa nje ya bomba, ushahidi wake ni dhaifu na unagongana. Mimi singevitolea shilingi.

Jamaa zetu walioko London wanalijua jambo hili vizuri, maana maji ya London nayo hupita kwenye miamba ya chokaa na mabirika yao huota ganda kama ya hapa. Wa Glasgow hawalijui, kwa sababu tangu 1859 mji wao unakunywa maji laini ya ziwa Loch Katrine. Na mtu aliyepata dawa ya kulainisha maji ya mji mzima alikuwa mwalimu wa kemia wa Aberdeen, Thomas Clark, mwaka 1841: aliongeza chokaa iliyozimwa kwenye maji, kwa kipimo, na chokaa yote, ya kwake na ya maji, ikashuka chini. Kipimo kikikosewa maji yanakuwa makali, kwa hiyo asijaribu mtu kwenye ndoo yake. Lakini njia hiyo bado inatumika duniani, na malighafi yake ni kitu ambacho Unguja haijawahi kukikosa.

Clark huyo huyo aliacha kipimo ambacho kila mwalimu wa skuli anaweza kukifanya wiki hii. Chupa mbili, moja ya maji ya mvua, moja ya mfereji, kiasi sawa. Tia maji ya sabuni ya mche tone kwa tone, tikisa, hesabu ni matone mangapi mpaka povu lisimame. Tofauti ya matone ndiyo ugumu. Wanafunzi wa Bububu, wa Mwera, wa Chwaka na wa Mkunazini wakifanya hivyo kwa maji ya kwao, wataona kwamba kisiwa hiki kidogo hakina maji ya aina moja.

Ombi langu la mwisho naliweka mbele ya Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA. Mkaazi wa London anaweza kuuliza ugumu wa maji ya mtaa wake na kupewa tarakimu. Mnunuzi wa hita Darajani anastahili tarakimu hiyo hiyo kabla hajatoa pesa zake. Pimeni ugumu na chumvi kwa kila chanzo, wekeni majibu kwenye ofisi ya kila sheha, yasomeke, na yarudiwe baada ya masika na wakati wa kiangazi. Nanyi wasikilizaji, mkienda kulipia maji, ulizeni: maji ya shehia yetu yana chokaa kiasi gani? Wakiulizwa na wengi, watapima.